Ijumaa wanapata, mwisho wa muhula wanaanguka: nitajuaje kama wameelewa?

"Mwalimu, hujambo. Nafundisha Gredi ya 5 katika shule ya umma huku Likoni, darasa lina watoto 58. Kila Ijumaa nawapa jaribio la Hisabati la maswali kumi, na wengi wanapata saba au nane. Kazi za vikundi wanafanya vizuri sana. Lakini ukifika mtihani wa kufunga muhula, ule wa kununua, nusu ya darasa inaanguka, hata kwa mambo ambayo niliyasahihisha kwa mkono wangu nikaona wanayajua. Desimali ndiyo imenivunja moyo kabisa. Mwalimu mkuu anataka sababu, wazazi kwenye kundi la WhatsApp wanataka alama na mtoto amekuwa wa ngapi, na mimi nilidhani mtaala huu mpya umeondoa mambo ya mitihani. Nimesoma kuhusu rubriki, potfolio, watoto kujitathmini, lakini kwa watoto 58 sijui nishike lipi. Je, tatizo ni mimi, ni watoto, au ni mitihani?"

Mwalimu mwenzangu, sijambo, na ahsante kwa kulileta jambo hili bila kulipamba. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonishika ni pale uliposema uliyasahihisha kwa mkono wako ukaona wanayajua. Fundo liko hapo. Uliona majibu sahihi, ukaamini kwamba nyuma ya kila jibu sahihi kuna akili iliyoelewa. Walimu wengi tunaamini hivyo kwa miaka. Lakini mtoto anaweza kufika kwenye jibu kwa njia ambayo kesho haitamfikisha popote, na jaribio lako la Ijumaa, lilivyo sasa, halina uwezo wa kukuonyesha njia aliyopita.

Umeuliza mwenye kosa ni nani. Kwa nilivyokusoma, wewe umefundisha na watoto wamejitahidi. Shida ni kwamba unatumia vipimo vitatu na kila kimoja kinapima kitu chake. Jaribio la Ijumaa linapima kumbukumbu ya siku nne. Kazi ya kikundi inapima yule mtoto mmoja au wawili walio hodari, wengine wanabebwa. Mtihani wa kununua umetungwa na mtu asiyejua ulifundisha nini wala uliishia wapi. Ukizilinganisha namba za vipimo hivyo vitatu lazima zikuchanganye, kama mtu anayepima kitambaa kwa kilo leo na kwa mita kesho.

Hili la mtaala nalijibu haraka, kwa sababu wazazi pia watakuuliza. Mitihani haijaondolewa. Iliyoondoka ni KCPE, ule mtihani wa kumaliza Darasa la 8, na watahiniwa wake wa mwisho walikaa mwaka 2023. Sasa kuna KPSEA mwisho wa Gredi ya 6, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, na KJSEA mwisho wa Gredi ya 9, iliyoanza mwaka 2025. Kilichobadilika ni uzito na kazi yake. Matokeo ya KPSEA hayamzuii mtoto kuendelea na sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, na mpango wa KNEC, baraza la mitihani la taifa, ulikuwa kwamba karatasi ya KPSEA ibebe asilimia 40 huku asilimia 60 itoke kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6. Kwenye KJSEA karatasi yenyewe inabeba asilimia 60, KPSEA 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Kwa hiyo wewe wa Gredi ya 5 huko pembeni mwa mtihani, uko ndani yake. Unachokirekodi kuhusu mtoto kinamfuata.

Kuna kitu ambacho sisi wa Pwani tulikijua kabla ya maneno haya yote. Mtoto akienda chuoni, yaani madrasa, alasiri, anamkalia mwalimu mbele, anasoma somo lake la jana. Mwalimu anasikiliza. Akikosea herufi anarudishwa pale pale, na asipolishika somo hapewi jipya. Anarudi kwenye mkeka kulidurusu. Hakuna anayepewa saba kwa kumi. Lakini muulize mwalimu wa chuo kila mtoto amefika wapi na anakwama kwenye nini, atakuambia bila kufungua daftari. Najua anachosikiliza ni matamshi na kuhifadhi, na kuelewa maana ni safari nyingine. Najua pia kwamba penye bakora mtoto hufunga mdomo. Ninachokitaka kwako ni ile tabia moja: alichokisikia sasa hivi kinaamua atakachofundisha sasa hivi.

Michael Scriven, msomi aliyefanya kazi Marekani, ndiye aliyetenganisha aina mbili za tathmini mwaka 1967: ile ya njiani, inayofanywa ili kurekebisha kazi ikiendelea, na ile ya mwisho, inayofanywa kutoa hukumu. Sisi huziita endelezi na tamati. Watu wengi huchukulia kwamba tofauti yao ni tarehe, kwamba ukipima kila Ijumaa basi unafanya endelezi. Hapana. Jaribio la Ijumaa ambalo halibadilishi chochote katika somo lako la Jumatatu ni mtihani mdogo wa mwisho, hata ukiurudia mara 12 kwa muhula.

Nilijifunza hili kwa mtoto mmoja, miaka mingi nyuma, nikifundisha sehemu. Kila nilipompa nusu kujumlisha na thuluthi aliniandikia 2/5. Wiki mbili nilimtia mkasi mwekundu wa kosa, na chini nikaandika "soma kwa bidii". Siku moja nikamwita mezani nikamuuliza tu, umefanyaje? Akanijibu kwa uhakika: "Mwalimu, jana nilipiga penalti mbili nikafunga moja. Leo nimepiga tatu nikafunga moja. Jumla nimefunga mbili kati ya tano." Nikanyamaza. Kwa penalti, yuko sawa kabisa. Hakuwa mvivu wala mzito, alikuwa na fikra nzima, yenye mantiki, ila imewekwa mahali pasipo pake, kwa sababu nusu ya chapati na thuluthi ya chapati hukatwa kutoka kitu kimoja cha ukubwa mmoja, na penalti sivyo. Mkasi wangu mwekundu haukuwa umemwambia hata neno moja kuhusu hilo. Bado naumia nikikumbuka zile wiki mbili.

Sasa tuje kwenye desimali zako, na hapa nitakaa kidogo. Waulize watoto wako: kati ya 0.3, 0.45 na 0.125, ipi kubwa kuliko zote?

Watakaochagua 0.125 wanasoma desimali kama namba nzima. Wanaona mia moja ishirini na tano, na mia moja ishirini na tano imeishinda arubaini na tano tangu Gredi ya 2. Nukta kwao ni pambo tu. Kwa kifupi: ndefu ndiyo kubwa.

Watakaochagua 0.3 wamepiga hatua moja mbele, wakateleza hapo. Wamekusikia ukisema sehemu za kumi ni kubwa kuliko sehemu za mia, na za mia ni kubwa kuliko za elfu. Ni kweli. Lakini wakaamua kwamba namba yoyote ya sehemu za kumi lazima iishinde namba yoyote ya sehemu za mia, bila kuhesabu vipande ni vingapi. Kwao fupi ndiyo kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Kaye Stacey na Vicki Steinle, waliwafuatilia watoto wengi wenye fikra hizi mbili, kwa hiyo usidhani ni ugonjwa wa Likoni peke yake.

Angalia sasa kinachotokea ukiuliza swali la kawaida la kitabu: ipi kubwa, 0.4 au 0.35? Mtoto wa "fupi ndiyo kubwa" anapata! Unampa tiki, na kosa lake unalitia muhuri. Geuza, uliza 0.75 na 0.5. Mtoto wa "ndefu ndiyo kubwa" naye anapata. Jaribio lenye maswali kumi ya namna hiyo linaweza kumpa saba mtoto asiyejua desimali ni nini.

Na kuna jambo la tatu ambalo nakisia tu, lakini niambie kama nimekosea: uliwafundisha kujaza sifuri ili zilingane urefu. 0.300, 0.450, 0.125. Karibu sote tunafundisha hivyo, na Ijumaa inaleta alama nzuri. Tazama lakini inachofanya. Mtoto anayeona desimali kama namba nzima sasa analinganisha mia tatu, mia nne hamsini na mia moja ishirini na tano. Anapata jibu, na fikra yake potofu haijaguswa hata kidogo. Baada ya wiki sita ameusahau ule ujanja wa sifuri, au swali limekuja ndani ya maelezo ya dukani bila namba kupangwa pamoja, na anarudi kule alikokuwa. Nadhani huo ndio mwanguko wako wa mwisho wa muhula, kwa sehemu kubwa.

Swali zuri la tathmini, basi, ni lile ambalo kila jibu la makosa lina jina. Kabla hujaliandika ubaoni jiulize: mtoto aliyepotea hivi atajibu nini, na aliyepotea vile atajibu nini? Majibu yao yakigongana na jibu sahihi, badilisha namba. Swali moja la namna hiyo linakupa habari zaidi ya kurasa mbili za mazoezi. Usitunge kumi kwa wiki, hutaweza. Tunga mawili, uyaweke kwenye daftari. Ukifika mwaka wa pili utakuwa na hazina.

Watoto 58 hawawezi kuja mezani mmoja mmoja, hilo nalijua vizuri. Kwa hiyo majibu uyakusanye kwa mara moja. Yaandike ubaoni yakiwa na namba 1, 2 na 3, wape dakika nzima ya kufikiri kimya, halafu kwa kuhesabu kwako watoe vidole, kidole kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili, vikiwa kifuani ili jirani asivione. Pita macho. Kwa sekunde 20 umeshajua darasa liko wapi. Ukitaka waandike, vipande vya katoni vilivyopakwa rangi nyeusi na chaki vinafanya kazi ya vibao, na katoni utazipata duka lolote la jumla. Ukitaka kubaki na ushahidi, dakika tano za mwisho kila mtoto ajibu swali moja kwenye kipande cha karatasi chenye jina lake akukabidhi mlangoni. Usivisahihishe. Vipange mafungu matatu kulingana na jibu, hesabu kila fungu, basi. Ni kazi ya dakika kumi, unaweza kuimaliza ukisubiri feri.

Usiwaulize tena "tumeelewa?" Wote wataitika "ndiyo mwalimu!", na anayepaza sauti zaidi huenda ndiye asiyeelewa. Mficha uchi hazai, lakini mtoto wa miaka 11 mbele ya wenzake 57 ataficha, kwa sababu aibu ya leo ni kubwa kwake kuliko mtihani wa kufunga muhula. Vidole vya kifuani vinamstahi. Kwa maswali ya kujibu kwa mdomo, andika majina yao ndani ya vifuniko vya soda, tia koponi, uchomoe. Na ukishauliza, subiri. Mary Budd Rowe wa Marekani alipima darasani, miaka ya 1970, akakuta mwalimu wa kawaida husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuhamia kwa mwingine au kujibu mwenyewe. Walimu waliposubiri sekunde tatu au zaidi, watoto walijibu kwa urefu, walioshiriki waliongezeka, na "sijui" zikapungua. Sekunde tatu za kimya ukiwa umesimama mbele ni ndefu mno, utaona. Hesabu moyoni.

Jaribio la Ijumaa usilifute. Hapa nitatofautiana na wenzangu wanaosema majaribio yanawaumiza watoto. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2006, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Wengine wakairudia kuisoma, wengine wakafunika karatasi na kujaribu kuikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojilazimisha kukumbuka wakawapita. Kitendo cha kuchota jambo kichwani ndicho kinacholikaza. Kwa hiyo jaribio ni dawa, ila wewe umekuwa ukiitoa siku ambayo haijahitajika. Alichofundishwa Jumatano mtoto hahitaji kukichota Ijumaa, bado kimeelea juu.

Pangua maswali yako kumi hivi: manne ya wiki hii, matatu ya wiki tatu zilizopita, matatu ya muhula uliopita. Alama zitashuka wiki za kwanza, na nakuomba usitishike. Waeleze watoto, mweleze mwalimu mkuu mapema kabla hajaziona. Kushuka huko ndiyo picha ya kweli ambayo ulikuwa ukiipata mwisho wa muhula pekee, siku ambayo huwezi tena kufanya lolote. Ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Alama za jaribio hili zibaki kati yako na mtoto, usizisome darasani, usipange wa kwanza hadi wa 58.

Kabla hujaamini mtihani wa kufunga muhula, fanya jambo moja. Chukua karatasi za watoto sita walioanguka, uwaite mmoja mmoja, uwasomee maswali waliyokosa kwa Kiswahili, kwa mdomo, bila kuwasaidia hesabu. Kuanzia Gredi ya 4 Hisabati inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na watoto wako wengi Kiingereza wanakikuta shuleni peke yake. Swali la mama aliyenunua mafuta lita 2.5 akatumia lita 0.75 linaweza kumshinda mtoto kwa neno moja lililoficha kwamba anaulizwa kilichobaki. Akilipata kwa Kiswahili, basi karatasi ilipima lugha yake na ikaandika kwamba imepima hesabu. Dawa yake ni kufundisha maneno ya maswali, makusudi, matatu au manne kila wiki, na kumwacha aeleze kwa Kiswahili anachofikiri. Akilikosa hata kwa Kiswahili, rudi kwenye zile fikra mbili za desimali. Ni kazi ya saa moja hivi, na itakupa jibu la kumpelekea mwalimu mkuu lenye miguu.

Kuhusu unachokiandika kwenye daftari za watoto: mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti alioufanya Israeli kwa watoto wa darasa la tano na la sita, yaani umri wa hawa wako. Wengine walirudishiwa kazi na alama tu, wengine maelezo tu, wengine vyote viwili. Waliopewa maelezo peke yake ndio waliosonga mbele. Waliopewa alama pamoja na maelezo hawakuwashinda waliopewa alama tupu, kwani mtoto akishaona namba macho yake hayashuki tena chini. Kwa hiyo kwenye kazi za kila siku acha namba, andika kitu cha kufanya: "Linganisha tena 0.3 na 0.45 kwa kutumia rula, uniambie umeona nini." Si kwa daftari 58 kila siku. Daftari 12 kwa siku, kwa wiki umewapitia wote. Na siku inayofuata wape dakika kumi za kuyafanyia kazi uliyoandika, la sivyo kalamu yako imekwenda bure.

Kazi za vikundi ziendelee, ila mwisho wa kazi chomoa kifuniko kimoja cha soda kwa kila kikundi, aliyetoka aeleze kwa niaba ya wote. Wakishajua hivyo watafundishana wenyewe. Potfolio isikusumbue: si picha za kuchapisha saiba kwa pesa za mzazi, ni kazi tatu au nne za mtoto, ya mwanzo na ya baadaye, zenye tarehe, ndani ya bahasha.

Rubriki, yaani jedwali la ngazi za kupimia kazi ya mtoto, ina faida moja kubwa nayo ni kukulazimisha useme mapema utaona nini. Ngazi zile nne, kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia na mbali na matarajio, zikibaki maneno matupu kila mwalimu atazijaza kwa hisia. Zijaze kwa desimali: mbali na matarajio ni anayesoma 0.125 kama mia moja ishirini na tano. Anayekaribia hulinganisha zenye urefu sawa pekee. Aliyefikia hulinganisha urefu wowote. Aliyezidi anaeleza kwa nini, au anatunga namba iliyo kati ya 0.3 na 0.31. Kwenye daftari lako andika majina ya ambao bado hawajafikia tu, kwa kalamu ya risasi, ukifuta wanapovuka. Nasema hili nikijua presha ya kupakia matokeo kwenye mfumo wa KNEC, na najua kuna wanaojaza usiku mmoja kwa kukisia. Tafadhali usifanye hivyo. Mtoto uliyemwandikia "amefikia" bila kumpima amenyimwa msaada wa mwalimu wa mwaka ujao.

Wazazi wanataka namba kwa sababu namba ndiyo lugha waliyosomeshwa nayo, na wanalipa michango na sare kwa jasho. Usibishane nao kwenye WhatsApp. Kwenye mkutano mwite mama au baba, mpe karatasi mbili za mtoto wake, ya Februari na ya Mei, umwonyeshe: hapa alikuwa anaona robo kilo ni kubwa kuliko nusu kilo kwa sababu 25 imezidi 5, sasa haoni hivyo, kilichobaki ni hiki. Mzazi anayepima bidhaa soko la Kongowea atakielewa kuliko "amekuwa wa 19". Akisisitiza kujua ni wa ngapi, mwambie kwa heshima kwamba wa 19 anaweza kuwa anajua kila kitu au hajui kitu, inategemea wenzake 57.

Kuna wachache ambao njia hizi hazitawafikia, na hao wasisubiri. Katika darasa la 58 wapo ambao hawasomi aya fupi ya Gredi ya 2. Wasikilize mmoja mmoja, dakika mbili kila mtoto. Kama hasomi, shida yake ya hesabu za maelezo haianzii kwenye hesabu. Mtoto anayesogeza daftari puani au kuinuka kwenda ubaoni, anayejibu swali ambalo hukuliuliza, anayegeuza herufi na namba mwaka mzima huku akieleza vizuri kwa mdomo, zungumza na mzazi na mwalimu mkuu mpate barua ya kwenda kituo cha EARC, vituo vya Wizara ya Elimu vya kutathmini mahitaji maalum vilivyoanzishwa mwaka 1984. Macho na masikio yapimwe hospitalini kwanza, maana miwani imewahi kubadilisha mtoto "mzito" kwa siku moja. Na mtoto ambaye alama zake zimeporomoka ghafla, aliyekuwa anaongea akanyamaza, huyo usimpime hesabu. Muulize kula, kulala, na nyumbani kukoje, na umhusishe mwalimu wa ushauri nasaha. Kwa rubriki na maswali, mwite afisa wa mtaala wa zoni yako, CSO, aje akae nyuma ya darasa siku unayouliza swali la vidole. Macho manne huona mafungu ambayo mawili hayaoni.

Jumatatu anza na lile swali moja: 0.3, 0.45, 0.125. Hesabu vidole. Wengi wakiwa kwenye 0.125, Jumanne leta mizani ya kidijitali ya duka la jirani na mfuko wa mchele, wapime 0.5 na 0.25; nusu na robo wanazijua tangu walipoanza kutumwa dukani. Wengi wakiwa kwenye 0.3, mizani hiyo haitawasaidia, kwani 0.5 dhidi ya 0.25 wanaipata tayari kwa sababu ya makosa. Hao wape rula ya mita na chaki, wachore sakafuni sehemu tatu za kumi, pembeni yake sehemu arubaini na tano za mia, wasimame wazitazame. Kisha niandikie idadi za mafungu yote matatu, tuangalie pamoja la Jumatano.